Treni ya Kwenda Mbamba Bay

Sisi tuliokulia Nachingwea tulilijua tuta la reli kabla ya kuiona reli yenyewe. Lilipita nyuma ya mashamba, limeota nyasi, na wakati wa masika lilikuwa njia nzuri ya mkato kwa kuwa juu yake maji hayakutuama. Ukimuuliza mzee yeyote alikujibu kwa kifupi tu kwamba hapo ilipita treni ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori ya Tanganyika, Kongwa kwanza, baadaye Urambo na Nachingwea, wakipanga kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu ili wapate mafuta ya kula, maana kwao kulikuwa na dhiki baada ya vita. Walileta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Wakajenga reli kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, hadi Nachingwea, kisha wakaiunganisha na bandari mpya ya Mtwara. Karanga zikakataa. Mpango ukafutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi, reli ikabaki ikiokoteza mizigo midogo midogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Chuma kikaenda kilikoenda, tuta likabaki.

Nilipokuja kumiliki kompyuta yenye nguvu ya kuendesha Trainz, programu ya Kiaustralia inayomwachia mtu uwanja mtupu ajenge milima, mito, reli na stesheni zake kisha aendeshe treni humo, wenzangu wengi wa mchezo huo walikuwa wanajenga milima ya Alps na theluji yake. Wako wanaofanya hivyo vizuri sana, sina ugomvi nao. Mimi nilikuwa na swali la nyumbani: ile reli yetu isingeng'olewa, ikapewa fedha na miaka kumi zaidi, ingefika wapi?

Jibu halikuhitaji mawazo mengi. Wajerumani, kabla ya vita vya kwanza, waliwahi kuitafutia njia reli ya kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Waingereza nao walikuwa na Mtwara, bandari yenye kina kirefu iliyokosa nchi nyuma yake. Na mpaka leo serikali zetu huzungumzia reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Kila aliyeitazama ramani ya kusini kwa muda wa kutosha aliishia kuchora mstari uleule: Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Mbinga, ziwani. Kwa barabara ni kama kilomita 800. Nikaamua kwamba mstari huo umejengwa, kwamba ni wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, na kwamba mwaka ni 1958, mwaka wa uchaguzi wa kura tatu.

Mwaka ukishautaja, mengi yamekwisha kuamuliwa bila wewe. Upana wa njia ni mita moja. Mataruma ni ya chuma, kama yale ya Reli ya Kati, kwa sababu ya mchwa. Mataruma ya mbao yaliyokuja na programu niliyaondoa yote, na macho ya mtu aliyekulia huku huona tofauti mara moja. Vibao vya stesheni vinaonyesha mwinuko kwa futi, kama kile cha Timboroa huko Kenya kilichoandikwa futi 9,001. Stesheni ina chumba cha kusubiria cha daraja la kwanza, ambalo kwa mazoea lilikuwa la Wazungu, kuna cha daraja la pili la Wahindi, na daraja la tatu linasubiri chini ya mwembe. Mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini nisiache hayo, maana huu ni mchezo tu. Nikamjibu kwamba ukishaiweka injini ya mwaka 1958 huwezi kuwaweka abiria wa mwaka 2008 ndani ya mabehewa yake. Mwembe wangu una kivuli kizuri, lakini nimehakikisha haukingi mvua.

Ugumu wenyewe ulikuwa ardhi. Mwezi Februari mwaka 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa nchi kavu kwa rada, na vipimo vyake hutolewa bure kwa yeyote. Kwa upande wetu wa dunia wakati huo vilikuwa vya kila mita 90. Kuna programu inayovichukua na kuvigeuza kuwa viwanja vya Trainz, kila kiwanja mita 720 kwa 720, na ghafla unajikuta umesimama juu ya milima ya Umatengo ikiwa uchi, bila mti wala nyumba. Kilomita 800 za namna hiyo hazijengwi na mtu mmoja akamaliza akiwa hai. Nilichagua vipande viwili, kipande cha Masasi chenye majabali yake, na mteremko wa kutoka Mbinga hadi ziwani. Katikati nikaacha Tunduru iwe jina kwenye ratiba tu. Treni inaingia porini, inatokea Songea kesho yake, na wala sioni haya, kwa sababu hata wasafiri halisi wa reli ndefu hulala wakaamkia mji mwingine.

Huo mteremko ndio ulionifundisha kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Mbinga iko karibu mita 900 juu ya ziwa. Kwa mstari ulionyooka hazifiki kilomita 50 kati yake. Ukitaka treni ipande kwa mwinuko wa asilimia 1.5, ambao ndio uliokuwa mwinuko wa juu kwenye njia kuu ya Mombasa na Nairobi, basi mita 900 zinadai kilomita 60 za reli, na hapo bado hujatoa sehemu za stesheni ambazo lazima ziwe tambarare. Kwa hiyo reli hairuhusiwi kwenda moja kwa moja hata kama bonde linairuhusu. Inabidi ipoteze njia kwa makusudi. Ifuate ubavu wa mlima hadi ndani kabisa ya korongo, ivuke kijito, irudi upande wa pili ikiwa imepanda mita chache tu, na kijiji ulichokipita dakika kumi zilizopita ukione tena chini yako. Kati ya Miritini na Mazeras, karibu na Mombasa, reli iliwahi kufanya zaidi ya hapo, ikajizungusha mpaka ikapita juu yake yenyewe.

Niliucheza mteremko ule kwa jioni nyingi, kipanya mkononi, nikivuta mstari na kutazama namba ndogo nyekundu inayoonyesha mwinuko. Asilimia 1.4, sawa. Asilimia 1.6, vunja. Kuna ukuta mmoja wa mlima kabla ya Mbamba Bay ambao kila nilivyoukabili ulinipa asilimia 2.3. Programu yenyewe haikatazi. Ukitaka unainua ardhi kwa kidole, mlima mzima unasogea kando kama pazia, na hakuna mhandisi wala mhasibu wa kukuuliza. Hapo ndipo mtu anapojua kama anajenga reli au anapamba picha. Nilijiwekea sheria: tuta lisizidi mita 10, mkato wa mlima usizidi mita 15, na handaki hakuna, kwa sababu koloni lililoshindwa kupata karanga lisingepewa fedha za handaki. Ukuta ule nikauzunguka kwa kilomita nne. Ndizo kilomita nne nzuri kuliko zote katika reli yangu. Usingeziona kama ningepewa uhuru.

Baada ya ardhi, injini. Kila mpenzi wa reli za Afrika Mashariki anataka kuendesha Garratt ya daraja la 59. Hizo zilikuwa 34, zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester kuanzia mwaka 1955, zikapewa majina ya milima yetu. Boila moja kubwa imening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, uzito wa jumla tani 252, na ikipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilivuta tani 1,200 nyuma yake. Hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hiyo kwenye reli ya mita moja popote duniani. Mount Gelai bado iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ukisimama karibu na magurudumu yake unajiona mtoto.

Lakini kila ekseli yake ya kuvutia ilikandamiza reli kwa tani 21. Njia yangu ya kusini nimeitandika reli nyepesi za ratili 50 kwa yadi, na madaraja ya kulingana nazo. Mount Gelai ingefika daraja la kwanza, na safari ingeishia hapo. Kwa hiyo nikachukua Garratt ndogo, daraja la 60, zilizojengwa kwa ajili ya njia nyepesi, ekseli tani 11. Zilikuwa 29, na zilibeba majina ya magavana. Wengi hawazipendi kwa sababu ya majina hayo, nami siwalaumu, lakini ndizo zilizoweza kupita.

Katikati ya kazi hii mjomba wangu alikuja Dar es Salaam kwa matibabu ya macho, akakaa kwangu. Mjomba alikuwa fayamani Tabora enzi za Shirika la Afrika Mashariki, baadaye akawa dereva wa treni mpaka alipostaafu. Jioni moja nikamwita aje aone.

"Shikamoo mjomba. Njoo uone treni yangu."

"Marahaba mjomba," akasema, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili. Akavuta kiti karibu sana na kioo kwa sababu ya macho. Alitazama treni ikishuka kutoka Mbinga bila kusema neno. Nikadhani amevutiwa. Halafu akauliza: "Maji anachukua wapi?"

Nikamwonyesha tangi kwenye stesheni ya juu ya mlima, zuri, la duara, juu ya miguu ya chuma.

"Na nani anayapandisha huko juu?"

Akaanza kunieleza, kidole kikigusa kioo na kuacha alama. Maji yako mtoni, na mto uko bondeni, kwa hiyo tangi linakaa bondeni, kabla ya mlima, ili injini ianze kupanda ikiwa imeshiba. Treni nzito haisimamishwi katikati ya mlima kwa jambo lolote linaloweza kungoja, kwa sababu kuiondoa tena ni kazi nyingine. Magurudumu yanateleza, mchanga unaisha, gadi anakulaumu. Na stesheni haijengwi kwenye mteremko. "Behewa likijiachia usiku," alisema, "nani atalifuata?" Kisha akataka kujua mimi ninapitaje pale ambapo treni mbili zinakutana. Nikamwonyesha njia za kupishania. Akaridhika nazo kidogo, akauliza stesheni masta anampigia simu nani kabla ya kutoa ruhusa ya njia. Mchezo hauna simu hiyo. "Basi hawa watagongana," akasema, akaenda kulala.

Aliponiachia tangi langu la maji kichwani nililihamisha, na stesheni moja ikahama nalo. Sasa ukifika bondeni pale, treni inasimama kwa dakika 15, na katika dakika hizo ndipo kijiji kinapopata sababu ya kuwepo: wauza ndizi, mama lishe, watoto, baiskeli zilizoegemezwa kwenye uzio. Nilikuwa nimekipanga kijiji hicho kwingine kwa sababu ya mandhari. Maji yakakivuta.

Swali la mjomba lilifungua jingine kubwa zaidi, ambalo wajenzi wengi wa reli za kubuni hulikwepa. Treni hii inabeba nini, na nani analipa nauli? Mtu huanza na mstari mzuri kwenye ramani, akaweka injini, akaweka mabehewa, mabehewa yenyewe akayajaza chochote kilichoko kwenye orodha. Matokeo yake ni treni ya makaa inayokwenda kwenye mji usio na tanuru. Nikakaa chini kuandika mizigo ya kusini ya mwaka 1958. Tumbaku ya moshi ya Ungoni, ambayo chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilikuwa kikiiuza tangu mwaka 1936. Kahawa ya Umatengo. Mkonge wa Lindi na Mtwara. Korosho, ambazo wakati huo zilikuwa zinaanza kushika kasi na zilipelekwa India zikiwa na maganda yake. Makaa ya mawe ya Ngaka yalijulikana yapo, lakini hayakuwa na mnunuzi. Kutoka pwani kwenda bara kulikuwa na chumvi, mafuta ya taa, majembe, saruji na kanga.

Mizigo hiyo ukiipakia, treni mbili kwa siku kila upande zinatosha na nafasi inabaki. Katika njia moja ambayo kipande kirefu kuliko vyote kati ya stesheni mbili kinachukua dakika 40, ukiongeza dakika tano za kubadilishana ruhusa, unaweza kupitisha treni 32 kwa siku. Mimi nilikuwa na nne. Njia za kupishania nilizozijenga kwa uangalifu mkubwa zikawa zinaota nyasi.

Na ziwa lenyewe? Nilikuwa nimeshawishika kwamba Mbamba Bay ingevuta shehena ya Nyasaland. Meli ya Ilala ilikwisha kuanza kazi ziwani tangu mwaka 1951, gati ningejenga, mambo yangekwenda. Lakini Nyasaland ilikuwa na reli yake ya kwenda Beira, na daraja kubwa la Zambezi lilikuwa limefunguliwa tangu mwaka 1935. Mfanyabiashara wa Blantyre angepandisha mzigo wake mita 900 kwenye mlima wangu kwa sababu gani? Gati nimelijenga, ni zuri, na meli hufika. Mara nyingi inashusha abiria na magunia ya samaki wakavu.

Mzigo uliokuwa unaniangalia siku zote ni watu. Wangoni na Wamatengo, pamoja na majirani zao, walikuwa wakienda kwa maelfu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, na wale walioandikishwa ndio waliokuja kuitwa manamba. Kama reli ya kusini ingekuwepo, hawa ndio wangeijaza: daraja la tatu hadi Mtwara, kisha meli ya pwani hadi Tanga, maana mwaka 1958 Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa bado hazijaunganishwa. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kilomita 188, kilifunguliwa mwaka 1963. Nilipoweka mabehewa matatu ya daraja la tatu kwenye treni ya asubuhi kutoka Songea, ratiba nzima ikabadilika. Treni lazima ifike Mtwara kabla ya meli kuondoka. Inashuka imejaa na inarudi ikiwa na wachache waliomaliza mkataba, wakiwa na masanduku ya bati, baiskeli na vyerehani. Niliyatafuta masanduku hayo kwa muda mrefu, na yalipokosekana nikayachora mwenyewe.

Ukiitazama reli yangu baada ya hapo unaona kitu ambacho sikukipanga. Kila njia ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilikimbilia baharini, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, na ya kwangu ikawa mfereji wa nne. Wapo walioipakua wakaniomba niongeze njia ya kutoka Songea kwenda Njombe hadi Kilosa ili waweze kuendesha treni mpaka Dar. Nimeipima. Ardhi inaruhusu kwa shida. Lakini kwa mwaka 1958 sikupata hata mtu mmoja ambaye angeilipia, kwa hiyo sikuijenga. Mjomba aliposikia hilo kwa simu akacheka, akasema mwaka wangu ni wa kitoto. Angekuwa yeye angechukua mwaka 1960, mwaka wa mgomo wao wa siku 82, nione kama treni zangu zingetembea.

Toleo ninalolitengeneza sasa nimelisogeza mbele. Majina ya magavana yametoka kwenye injini, kama yalivyotoka kweli baada ya uhuru. Chumba cha daraja la kwanza kipo bado, ila anayeingia humo ni mwenye tiketi. Na reli, ambayo kwa kweli iling'olewa miaka ileile, nimeiacha mahali pake, kwa sababu kuna hesabu moja inayonisumbua. Msimu wa mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi, na zilisombwa kwa malori kwenye barabara za mchanga. Tuseme nusu tu ingepanda treni. Kwa behewa la tani 25 ni mabehewa 2,900. Ukiyafunga 20 kwa 20 ni treni 145, zote kati ya Oktoba na Januari, juu ya zile za kawaida. Zaidi ya treni moja kwa siku, imejaa, na nyingine inarudi tupu kuchukua zamu yake. Pale Masasi, hatimaye, njia yangu ya kupishania itapata kazi.